Kabla Hujasaini Tena

Kasikeu, Jumamosi mchana

Mwikali mwanangu,

Habari za soksi, dawa ya miguu na nani apigiwe simu ukifika kambini atakuambia mama yako. Amekuambia mara nne tayari, na kesho kule barabarani atakuambia mara ya tano. Mimi nina jambo moja tu, na ninaliandika kwa sababu juzi uliponiuliza kwa mdomo nilikimbia.

Ndiyo, nilikimbia. Tulikuwa tunapiga ndengu kwenye turubai, wewe na fimbo yako, mimi na yangu, maganda yakiruka mpaka kwenye nywele. Ukasema bila kuinua macho, "Baba, kipindi changu cha kwanza jeshini kinaisha. Nikirudi Jumatatu fomu itakuwa mezani. Kikosi chetu kinarudi Somalia kabla ya mvua. Nisaini tena, ama nitoke?" Na mimi, mtu aliyegombana na chifu mbele ya baraza zima, aliyegombana na mbunge redioni hadi mtangazaji akaweka muziki, mimi huyu nikasema naona mbuzi wameingia kwenye michungwa. Nikaitupa fimbo nikaenda. Mbuzi walikuwa wamefungwa, Mwikali. Uliwaona wamefungwa.

Sasa mmeenda Malili kumuaga shangazi yako. Nimekaa mezani, nimesimama, nimeenda kuangalia tangi kama lina maji, nimerudi. Nimeandika kurasa mbili na kuzichana. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa na historia ndani, zilianza na babu yangu kupelekwa vitani Burma. Zilieleza jinsi mkoloni alivyotupima vifua na kuandika kwenye vitabu vyake kwamba Mkamba amezaliwa askari, na jinsi alivyosahau kuandika kwamba alikuja kutuandikisha mwaka wa ukame, wakati mtu angekubali kuzaliwa chochote ili ale. Nilieleza kwamba bado tunaringia sifa hiyo aliyotupa mtu aliyetaka kututumia. Nilikuwa nimefika kwa watoto wa wakubwa, ambao katika maisha yangu sijawahi kumwona hata mmoja amepanga foleni ya kuandikishwa uwanjani akifunguliwa mdomo apimwe meno. Nikasoma tena nilichoandika, nikaona ninahutubia. Hakukuwa na wewe humo. Nikachana.

Basi nitakuambia habari ya Kyalo, ambayo unafikiri unaijua.

Kyalo wa Mama Kyalo, wa ng'ambo ya mto. Nilimfundisha darasa la saba na la nane, akaenda jeshini, akawa anarudi likizo na kuja kunisalimu kabla hajafika kwao vizuri. Miaka ile majeshi yetu yalipovuka mpaka kuingia Somalia, mimi sikuwa mtu unayemjua leo. Nilikuwa upande ule mwingine. Nilikuwa nasoma kila gazeti, naandika barua kwa wahariri, nasema nchi isiyopigana haiheshimiwi. Na hapa kanisani kwetu nilikuwa na kazi yangu. Unaikumbuka. Askari akiwa likizo, Jumapili ya mwisho anaitwa mbele akiwa amevaa sare, anaombewa, akina mama wanamfunga leso mabegani. Lakini kabla ya maombi, Mwalimu anampa maikrofoni na kumwuliza maswali, ili watu wasikie habari za vita kutoka kwa mtu aliyekuwa huko. Mwalimu alikuwa mimi. Nilikuwa hodari. Watu walikuwa wanakuja kutoka makanisa mengine kunisikia.

Jumamosi moja Kyalo alinikuta stoo ya shule nikihesabu vitabu. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, naweza kukuambia kitu?"

"Sema, afande."

"Usiniite afande leo." Akaingia, akakaa kwenye gunia la mahindi ya watoto. "Wiki ijayo nasaini kuongeza. Sitaki. Nataka kutoka. Kuna mtu ana shamba Kibwezi karibu na mto, anatafuta mwenzake wa kulima nyanya."

Nikamwuliza kama ni woga. Mwikali, hilo ndilo neno la kwanza lililonitoka. Kijana amevuka mpaka, amelala kwenye mashimo ya mchanga na risasi zikipita juu yake, na mimi niliyekuwa nimeshika chaki nikamwuliza kama ni woga.

Hakukasirika. Akasema, "Woga uko, mwalimu. Lakini si huo. Nimechoka kuwa mtu wa kuambiwa."

Nikamjibu maneno mengi. Alisikiliza, alikuwa mwanafunzi msikivu tangu zamani. Mwishoni akasema, "Nimekusikia. Lakini bado sitaki." Nikakasirika. Nilikuwa nimetumia hoja zangu zote na kijana hajasogea hata hatua moja. Akaondoka, na mimi nikabaki na vitabu vyangu nikipanga la kufanya.

Kesho yake nikamwita mbele.

Unajua jinsi tulivyo. Hapa kwetu mtu anaweza kubadilisha nia nyumbani, sokoni, hata mbele ya chifu, na kesho asiulizwe. Lakini alichosema kwenye maikrofoni ya kanisa, mbele ya mama yake, mchungaji na kwaya, hawezi kukirudisha. Atakutana nacho kisimani, atakutana nacho matangani, mpaka azeeke. Nilijua hivyo. Ndiyo maana nilichagua pale. Nikamwuliza maswali mawili mepesi, watu wakacheka, kisha nikamwekea mkono begani nikasema, "Kyalo, wenzako wako katikati ya vita. Waambie watu wa nyumbani: utawaacha?"

Akanitazama. Sijasahau jinsi alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtoto aliyemwonyesha mwalimu jibu lake kwa siri, na mwalimu akalisoma kwa sauti.

Akasema, "Siwaachi, mwalimu."

Kanisa likalipuka. Mama yake alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Wewe ulikuwa kwaya, safu ya mbele, umevaa ile sketi ya bluu ya shule. Wiki iliyofuata akasaini. Mvua haikuwa imekuja mara ya pili alipoletwa kwenye jeneza.

Nimesimama tena. Nimeenda mpaka kwenye lango kuangalia kama mnakuja, nikijua kabisa hamwezi kuwa mmefika hata njia panda.

Baada ya mazishi nilibadilika, na watu walinisifu kwa kubadilika. Nikaanza kuandika dhidi ya vita kwa moto uleule. Magazeti yaliyokuwa yakinichapisha zamani yakanichapisha tena. Nikawauliza wakubwa majeshi yetu yanangoja nini huko, nikawauliza wachungaji kwa nini wanabariki bunduki. Mchungaji mmoja akanifungia mlango wa kanisa lake, nami nikajiona shujaa. Lakini katika kurasa zote hizo, Mwikali, miaka yote hiyo, hakuna sentensi hata moja inayosema kwamba mimi nilimsimamisha Kyalo mbele ya watu nikijua anachotaka. Nililaumu serikali kwa ukurasa mzima ili nisijitaje kwa mstari mmoja. Nilibadilisha upande. Tabia ilibaki ileile: kumtafutia mtu hadhira, kisha kumshinda.

Na wewe unajua tabia hiyo vizuri, kwa sababu nilikuja nayo uwanjani siku ulipoandikishwa. Nilisimama nje ya seng'enge nikipiga kelele juu ya haki za vijana, askari wakinitazama kama mlevi, na wewe uko ndani umefunguliwa mdomo. Ulinieleza baadaye. "Baba, yule daktari aliniuliza, huyo mzee ni wa wapi? Nikasema simjui." Nilicheka siku hiyo, kwa sababu ilichekesha. Lakini tulipokuwa tunatembea kurudi, nikakuuliza nani amekutia mambo haya kichwani, na ukasimama katikati ya njia.

"Ni wewe, Baba."

"Mimi? Mimi ninayeandika kila mwezi—"

"Kabla ya kuandika. Siku ya Kyalo. Nilikuwa pale mbele. Ulimwuliza kama atawaacha, akasema hawaachi, akaenda na hakurudi. Sasa kama yeye alijibu hivyo, sisi wengine tuliopiga makofi tulikuwa tunafanya nini?"

Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Nikakuambia utachelewa kuchota maji.

Tangu siku hiyo sijakuuliza chochote cha maana juu ya kazi yako. Ulipofuzu kuwa mhudumu wa majeruhi nilifurahi kimyakimya, nikajiambia angalau mwanangu anafunga vidonda, hafungui. Ulipotoka Somalia mara ya kwanza na kulala siku tatu bila kusema na mtu, nilikuletea chai na magazeti. Magazeti, Mwikali! Ulihitaji baba, nikakuletea magazeti.

Leo asubuhi nimemwambia mama yako yote haya. Alikuwa hajui habari ya stoo. Miaka yote alijua kile kanisa zima lilichokijua. Akaendelea kuchambua mchele, halafu akauliza ninataka kufanya nini. Nikasema nataka kwenda kwa Mama Kyalo.

"Kufanya nini?"

"Kumwambia."

"Usiende," akasema. "Yule mama analala kwa sababu anajua mtoto wake alipenda jeshi. Kila mgeni anaonyeshwa picha, anaambiwa, huyu alikataa kuwaacha wenzake. Ndiyo nguzo yake hiyo. Unataka kuing'oa ili wewe upate usingizi?"

"Sasa nimjibu Mwikali nini kama sijamwambia yule?"

"Mjibu Mwikali kama baba. Kwani lazima kila kitu ukipitishe kwa watu kwanza?"

Mama yako akiongea hivyo huwa ana haki. Lakini naona nikikujibu wewe huku nimemficha yule, jibu langu litakuwa hoja nyingine tu. Naenda. Ninaacha kalamu hapa.

*

Nimerudi. Jua limeshuka nyuma ya shule, na ninyi bado. Nitaandika haraka kabla sijaanza kuyapanga maneno.

Nilimkuta amekaa nje anaambua mbaazi. Aliponiona akacheka.

"Karibu, mwalimu. Leo umekuja kugombana na nani? Hapa ni mimi na kuku."

Nikakaa kwenye kile kigoda kifupi. Nikasema, "Mama Kyalo, kuna jambo la Kyalo sijawahi kukuambia."

"La Kyalo gani mimi mamake sijui?"

"Jumamosi ile, kabla ya maombi, alikuja kwangu stoo. Hakutaka kusaini tena. Alitaka kwenda Kibwezi kulima."

Hakuinua kichwa. Vidole viliendelea na mbaazi. "Hilo najua."

"Alikuambia?"

"Mimi ndiye nilimtuma kwako."

Mwikali, sikujua niweke wapi mikono yangu.

"Alikuja hapa Ijumaa," akasema. "Akaniambia, Mama, nimechoka, nataka kutoka. Na mimi nilitaka atoke. Nilitaka kabisa. Lakini nikaogopa. Nikajiambia, mimi sijasoma. Nikimwambia kaa nyumbani, halafu kule Kibwezi kukauke, atasema ni mama alinikwamisha. Nikamwambia, nenda kwa mwalimu. Mwalimu anasoma vitabu, anajua mambo ya vita. Atakachosema tutafuata. Nilijua utamzuia. Mtu aliyesoma hivyo atakosaje kumzuia kijana?"

Nikaokota ganda la mbaazi, nikaligeuzageuza.

"Basi Jumapili ulipomwita mbele, akasema hawaachi, nikajua mmeongea, ukamwonyesha jambo ambalo mimi sikuliona, akakubali. Nikapiga vigelegele. Hiyo ndiyo imenishikilia miaka hii yote. Kwamba mlikubaliana."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kunyamaza na kurudi nyumbani. Mama yako angenipongeza.

"Hatukukubaliana," nikasema. "Aliniambia hataki mpaka mwisho. Nilimwita mbele kwa sababu nilijua pale hataweza kukataa."

Vidole vikasimama. Akaweka ungo chini. Kuku wakaja wakaanza kula mbaazi, na hakuna kati yetu aliyewafukuza.

"Kwa hivyo alikuwa anangoja mimi niseme," akasema. "Alikuwa pale mbele, ananitazama nilipokaa. Mimi nikapiga vigelegele."

Nikaanza kusema kosa ni langu, si lake. Akaniinulia mkono, kama unavyomzuia mtoto anayetaka kuingia jikoni.

"Wewe nyamaza. Wewe ukianza kuongea nitakuelewa, na mimi leo sitaki kukuelewa."

Nikanyamaza. Ni mara ngapi umeniona nimenyamazishwa, Mwikali? Mwishowe akauliza, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, "Mwikali anarudi kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Nasikia miaka yake imeisha. Amekuuliza?"

"Ameniuliza."

"Na umemjibu?"

"Bado, mwaitu." Nilimwita mama, mimi mwenye mvi. Lilinitoka tu.

"Unangoja nani? Mimi nilimtuma wangu kwa mtu mwingine akajibiwe. Nenda nyumbani umjibu mtoto wako. Kwa mdomo wako, si wa gazeti." Akaokota ungo. "Na sijakusamehe, mwalimu. Usifikiri umekuja ukaongea yakaisha. Uje Jumanne. Na Jumanne ile nyingine. Nitakuwa na maneno, na wewe utakaa hapo na utayasikiliza."

Nitaenda. Jumanne hiyo, na ile nyingine.

Sasa jibu lako.

Najua sababu zako. Usiku wa siku ile ya ndengu ulimwambia mama yako, ukidhani nimelala, kwamba katika kikosi chenu kuna wasichana wawili wapya wanaokuangalia mikono wakati wa kuzuia damu, na kwamba ukitoka wewe hawatakuwa na wa kumwangalia. Hiyo ni sababu ya mtu mzima. Ni nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuandika, na sina jibu lake. Nimetafuta. Kuna watu watakaokufa kama hupo huko, na siwezi kuwaondoa kwenye hesabu kwa sababu siwajui majina. Ukisaini, utakuwa umesaini kwa jambo la heshima, na nitamwambia hivyo yeyote atakayeniuliza, bila kuongeza neno.

Mchungaji alitaka usafiri jioni ya kesho badala ya asubuhi, ili upelekwe mbele uombewe. Nimemwambia hapana. Amenuna. Ataomba yeye mwenyewe kwake, Mungu atasikia kutoka huko pia. Hakuna mtu atakayekushika bega na maikrofoni mkononi, akiwemo baba yako.

Fomu ikiwekwa mezani Jumatatu, omba siku moja. Wakikuambia hakuna siku, omba saa moja. Toka nje, kaa mahali ambapo hakuna anayekutazama, wala mkubwa wako, wala wale wasichana, wala mimi. Ukishaamua, nipigie. Nitasema "nimesikia", na nitauliza umekula nini. Sitaandika popote. Ukisaini, nitajifunza kuwa baba ambaye simu yake inalia na anaogopa kuipokea, kama walivyo wazazi wengi wa hapa ambao hawajawahi kuandika kwenye gazeti.

Lakini umeniuliza ninavyotaka, na nina deni la kusema.

Usisaini, Mwikali.

Sina historia ya kuweka nyuma ya neno hilo. Si kwa sababu ya mkoloni, si kwa sababu ya wabunge. Nataka urudi ukae karibu, uolewe ama usiolewe, ufungue kliniki Sultan Hamud ama ulale mpaka saa nne kila siku, unikasirikie, unizike nikifa. Utasema ni woga. Ni woga. Ujasiri wote niliokuwa nao niliutumia juu ya mtoto wa mwenzangu, na ulimgharimu yeye. Nilipofika kwako nilikuwa nimebaki na woga mtupu, na miaka tisa tangu uandikishwe nimeuficha kwa kelele. Sasa uuone ulivyo.

Nasikia mbwa wa jirani. Ni ninyi. Nitaiweka barua hii mkononi mwako mwenyewe, na nitakaa palepale mpaka umalize kusoma.

Baba yako,
anayetaka urudi